"Ngoja Nimuulize Kaka": Uchambuzi wa Kisa cha Utoto wa Charlie Chaplin

Kuhusu majina

Kisa cha namna hii kwa kawaida huandikwa kwa herufi: mtoto A, mama B, afisa C. Hapa haiwezekani. Ukimtaja mtu wa kofia ya duara, suruali pwaya na kifimbo cha mwanzi, hata mtoto wa shule ya msingi atakuambia ni nani. Kiswahili chenyewe kina neno *chale*, mtu wa vichekesho, na wapo wasemao limetokana na jina lake. Kwa hiyo jina la mhusika limebaki, pamoja na ya wachache waliomwajiri. Ndugu zake nawaita mama, baba na kaka. Majirani, wenye nyumba na watumishi wa ofisi za misaada sikuwapa majina.

Mambo niliyoyatumia yametoka sehemu mbili: kumbukumbu alizochapisha mwenyewe mwaka 1964 akiwa na miaka 75, na tarehe zilizobaki kwenye rejista za misaada za London. Kwenye tarehe nimeziamini rejista. Kwenye njaa nimemwamini yeye.

Usuli

Alizaliwa Aprili 1889, kusini mwa London. Baba na mama wote walikuwa waimbaji wa kumbi za burudani, zile kumbi ambamo watu wa kipato cha chini walilipa kidogo wakaangalia nyimbo, vichekesho na sarakasi kwa usiku mmoja. Baba alikuwa na jina. Mama naye alikuwa na jukwaa lake, ila dogo. Nyumbani palikuwa na kaka, mtoto wa mama, aliyemzidi Charlie kwa miaka minne. Wazazi waliachana Charlie akiwa bado mdogo sana kukumbuka. Baba alitakiwa atoe shilingi 10 kwa wiki za matunzo. Wiki nyingine alitoa, nyingine alikunywa.

Kisha sauti ya mama ikaanza kukatika. Mwaka 1894, katika kantini ya wanajeshi huko Aldershot, ilikatika katikati ya wimbo na askari wakaanza kumzomea. Msimamizi wa jukwaa aliwahi kumwona Charlie akiimba mbele ya marafiki wa mama yake, basi akamshika mkono, akampandisha. Alikuwa na miaka mitano. Aliimba nusu ya wimbo, sarafu zikaanza kurushwa. Mtoto akanyamaza, akawatangazia askari kwamba ataokota hela kwanza halafu ndiyo aendelee. Ukumbi ukacheka. Msimamizi akaja na leso kumsaidia kuokota. Mtoto akadhani anataka kuondoka nazo, akamfuata nyuma-nyuma mpaka alipohakikisha zimefika mikononi mwa mama. Wakacheka zaidi.

Hadithi hii husimuliwa kama mwanzo wa nyota. Katika kisa chetu inasema jambo jingine: ule ulikuwa mwisho wa kipato cha mama, na tayari mtoto wa miaka mitano anajua kwamba hela ikishikwa na mtu mzima asiyemjua inaweza isirudi.

Mfululizo wa matukio

*Cherehani.* Mama aligeukia ushonaji. Alichukua cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, akashona blauzi kwa kazi ya vipande: peni moja na nusu kwa blauzi. Wiki aliyofanya kazi kuliko zote alishona 54. Ukizidisha unapata peni 81, yaani shilingi 6 na peni 9. (Wakati huo peni 12 zilifanya shilingi, na shilingi 20 pauni.) Angalia hapo: wiki yake bora kabisa ililipa pungufu ya zile shilingi 10 ambazo baba alitakiwa kuleta. Maumivu ya kichwa yakamzidi, siku nyingine akalala gizani na majani ya chai machoni. Malipo ya cherehani yakasimama, wenye nayo wakaja kuichukua.

*Nyumba ya maskini, 1896.* Katikati ya mwaka huo mama na watoto wawili waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa wazi: atakaye msaada kamili wa umma aingie ndani ya jengo, avue nguo zake, avae sare, na familia igawanywe. Mama upande wa wanawake, watoto upande wao. Wiki chache baadaye, Juni, ndugu wawili wakapelekwa Hanwell, nje ya mji, katika shule ya bweni ya watoto mafukara iliyokuwa na mamia ya wanafunzi.

Charlie alikuwa na miaka saba. Alipata mapunye, wakamnyoa, wakampaka iodini kichwa kizima, wakamfunga kitambaa. Mama alipokuja kumtembelea alimkuta hivyo, akacheka, akambusu. Siku moja walisema kuna moto ulioanzishwa chooni na jina lake likaitwa. Hakuwa amefanya lolote. Alipoulizwa kama ana hatia au hana, woga ukamsukuma akajibu anayo. Akachapwa mbele ya wenzake.

Kaka, aliyekuwa na miaka 11, alipangiwa jikoni. Kila Charlie alipopita, kaka alimchomekea kipande cha mkate kilichopasuliwa na donge la siagi katikati, naye akakificha ndani ya fulana na kwenda kugawana na mwenzake. Hili liliendelea mpaka Novemba, kaka alipohamishiwa meli ya mafunzo ya ubaharia. Kutoka hapo mpaka Januari 1898 mtoto alikaa Hanwell peke yake.

*1898.* Mwaka huu ni msongamano. Januari familia ilikutana tena. Julai wakarudi nyumba ya maskini, watoto wakapelekwa shule nyingine, Norwood. Agosti 12 kulitokea jambo dogo ambalo nitalirudia mwishoni. Septemba mama alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Cane Hill. Kaka aliambiwa habari hiyo akiwa uwanjani anacheza mpira.

Mamlaka ikaamua watoto waende kwa baba. Baba alikuwa akiishi Kennington na mwanamke mwingine aliyekuwa na mtoto wake mdogo, na wote wawili walikuwa walevi. Mwanamke huyo hakuwataka, hasa kaka, ambaye hakuwa damu ya bwana wake. Usiku mmoja ndugu hao waliukuta mlango umefungwa. Polisi wakawaona saa 9 usiku wamelala kando ya moto wa mlinzi wa barabarani, wakaandika taarifa, na mtu wa chama cha kuzuia ukatili kwa watoto akaja kugonga. Haya yote yalichukua takribani miezi miwili. Novemba mama alitoka hospitali, akawachukua, wakapanga chumba jirani na kiwanda cha achari na machinjio.

*Viatu vya mbao.* Mwishoni mwa mwaka huo baba, kwa mara moja ninayoweza kumhesabia, alifanya kitu cha maana. Alimjua mtu aliyeongoza kikundi cha wavulana wanane wa Lancashire waliocheza dansi ya viatu vya mbao, akamwombea Charlie nafasi. Chakula na malazi juu ya kikundi, na shilingi mbili na nusu kwa wiki kwa mama. Kiongozi huyo aliwahi kuwa mwalimu. Watoto walipelekwa shule katika kila mji waliopita, ingawa shule ya wiki moja hapa na wiki moja kule haikumjenga sana. Alifanya mazoezi ya wiki sita kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Baba alifariki Mei 1901 kwa maradhi ya pombe, akiwa na miaka 38 hivi.

*Mei 1903.* Hapa ndipo kiini cha kisa. Kaka yuko baharini. Alipata kazi ya kupiga tarumbeta kwenye meli za abiria za kwenda Afrika Kusini na alikuwa akileta hela kila anaporudi, ila safari hii amechelewa. Charlie, miaka 14, anarudi nyumbani na watoto wa jirani wanamwambia langoni kwamba mama yake amerukwa na akili. Amekuwa akigonga milango akigawa vipande vya makaa ya mawe, akisema ni zawadi za sikukuu ya kuzaliwa ya watoto.

Aliitwa daktari wa mtaa, akaandika karatasi, akaeleza kwamba mama amekosa chakula cha kutosha. Mtoto akamshika mama mkono wakatembea hadi hospitali, mama akiyumba kama mlevi kwa udhaifu, watu wakiwaangalia. Daktari wa pale akampokea mama. Kisha akamuuliza kijana: na wewe utakaa wapi? Akajibu atakaa kwa shangazi. Hakuwa na mpango wowote wa kwenda kwa shangazi. Alirudi chumbani, akamkwepa mwenye nyumba siku kadhaa, akawa anashinda na wapasua kuni waliofanya kazi kwenye zizi la nyuma ya mtaa. Hawakuwa na maneno mengi. Siku moja bosi wao alimpeleka kuona onyesho, viti vya juu kabisa, la kampuni ya vichekesho ya Fred Karno. Hakuna aliyejua kwamba miaka mitano baadaye yule kijana angekuwa kwenye jukwaa hilohilo.

Kaka alirudi. Alimkuta mdogo wake na nguo zilizochanika.

Maamuzi na sababu zake

Kaka alikuwa na akiba ya safari, na uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuacha bahari. Akiba ingewaweka wiki kadhaa. Katika wiki hizo wote wawili watafute kazi ya jukwaani. Ukiangalia kwa jicho la mhasibu ni uamuzi mbovu: unaacha mshahara unaoujua kwa ajili ya usioujua. Ila mara ya mwisho alipokuwa baharini mama alipelekwa hospitali na mdogo wake akabaki peke yake. Alishapiga hesabu nyingine.

Uamuzi wa pili ni wa Charlie. Alikuwa ameshauza magazeti, amekuwa kijana wa kutumwa kwa daktari mmoja, amefanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa uliomzidi kimo, na kupuliza chupa kwa siku moja tu, joto likamshinda. Katikati ya hayo yote alikuwa akipita ofisi ya wakala wa wasanii, Mtaa wa Bedford, kuuliza kama kuna nafasi. Wakala alimwita Julai 1903. Ilikuwa nafasi ya mvulana muuza magazeti katika mchezo mpya wa H. A. Saintsbury, na baada yake nafasi ya Billy, kijana wa kutumwa, katika mchezo wa Sherlock Holmes.

Wakampa maandishi yake akajifunze. Alishusha pumzi: alikuwa ameogopa wangemwambia asome palepale, na kusoma kulikuwa kunampa shida. Alipoambiwa malipo ni pauni 2 na shilingi 10 kwa wiki, akajibu kwa uso mkavu kwamba lazima kwanza ashauriane na kaka yake kuhusu masharti. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye hakuwa anachekesha.

Kaka alienda kweli. Aliomba pauni 3, wakakataa, akakubali zile za mwanzo. Kisha usiku alikaa na mdogo wake akimsomea mistari neno kwa neno mpaka ikaingia: kurasa 35, siku tatu.

Uamuzi wa tatu ulikuja mwaka 1908. Kaka alishaingia kampuni ya Karno, akawa anamsumbua bosi ampe mdogo wake majaribio. Karno alipomwona aliona kijana mweupe wa uso, mnyonge, mwenye haya isiyofaa kwa ukumbi. Akampa wiki mbili. Usiku wa kwanza ukamtosha. Mkataba wa mwaka wa kwanza ulikuwa pauni 3 na shilingi 10 kwa wiki.

Na wa nne, Septemba 1913, akiwa Marekani kwenye ziara ya pili ya Karno. Kampuni ya filamu iliyomiliki studio ya Keystone ilimpa dola 150 kwa wiki, ambazo yeye alikumbuka kuwa mara mbili ya alichopata kwa Karno. Alisita. Sinema wakati huo ilionekana kitu cha kupita. Alijiambia atafanya mwaka mmoja, apate jina, arudi jukwaani akiwa na bei kubwa zaidi.

Matokeo

Filamu yake ya kwanza ilitoka Februari 2, 1914 na hakuipenda. Katika siku hizohizo alitumwa chumba cha mavazi kutafuta vazi la kuchekesha, akachagua vinyume: suruali kubwa na koti la kubana, kofia ndogo na viatu vikubwa, na kisharubu kidogo kinachoongeza umri bila kuficha uso. Miezi michache baadaye alitaka kuongoza filamu mwenyewe, na mwenye studio aliposita, akaweka dhamana dola 1,500 za akiba yake iwapo filamu ingeharibika. Haikuharibika.

Mishahara inayofuata hainishangazi tena, lakini wanafunzi wangu huwa wanaiandika pembeni ya daftari: mwisho wa 1914, dola 1,250 kwa wiki katika kampuni ya Essanay. Februari 1916, kampuni ya Mutual, dola 10,000 kwa wiki na dola 150,000 za kusaini. Aliyekaa mezani kupanga mkataba huo ni kaka, yuleyule aliyeomba pauni 3. Mwaka 1917 ukaja mkataba wa dola milioni moja kwa filamu nane, na mwaka 1919 akawa mmoja wa waanzilishi wanne wa United Artists, kampuni ambayo wasanii wenyewe walisambaza filamu zao. Alikuwa na miaka 29.

Mama alipata nafuu kidogo akatoka, mwaka 1905 akarudi Cane Hill. Mwaka 1912 wanawe waliweza kumhamishia hospitali ya kulipia. Walimleta California 1921, akaishi huko mpaka alipofariki 1928.

Matokeo mengine si ya kupamba. Alioa mara mbili wasichana wa miaka 16, mwaka 1918 na 1924, na ndoa zote mbili ziliishia mahakamani. Kwenye kazi hakumwachia mtu kitu: alirudia tukio moja mara nyingi kupita kiasi na wenzake waliona taabu. Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda London, serikali ya Marekani ilifuta kibali chake cha kurudi, akahamia Uswisi. Hayo yanahitaji kisa chake; nayataja ili mtu asidhani kwamba kupanda kuliponya kila kidonda.

Uchambuzi

Nianze na lile ninalolipinga. Husemwa kwamba umaskini ndio uliomfanya Chaplin, kwamba bila Hanwell kusingekuwa na vichekesho. Mamia ya watoto walinyolewa vichwa pale Hanwell mwaka uleule. Majina yao hatuyajui. Kama njaa ingekuwa chuo, London ya kusini ingejaa wahitimu.

Kilichofaa ni vitu vinavyoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwanza ni mtu mmoja asiyekatika. Ukichukua kalamu ukafuatisha kila hatua ya kupanda, utamkuta kaka: mkate wenye siagi, akiba ya meli, kurasa 35, majaribio ya Karno, mkataba wa 1916. Sisemi alikuwa malaika maishani mwake mwote. Naongelea miaka hii tu. Wala halikuwa jambo la upande mmoja, maana Charlie naye alimwingiza kaka katika ziara ya Sherlock Holmes. Kinachonivutia ni kwamba hakuna ofisi yoyote iliyowahi kumhesabu kaka kama msaada. Kwenye karatasi zao alikuwa mzigo wa pili. Baba alimkataa kwa sababu si damu yake, shule ikawatenganisha kwa umri, na kila walipotenganishwa hali ya mdogo ilishuka.

Pili, kazi zilizokuja na mwalimu. Kati ya kuuza magazeti na kucheza viatu vya mbao, malipo hayakupishana sana. Tofauti ni kwamba kwenye dansi kulikuwa na mtu mzima anayesahihisha. Saintsbury naye alimtengeneza kijana wa mtaani akawa mwigizaji wa mchezo. Kwa Karno alirudia kichekesho kilekile usiku baada ya usiku, kwa mwili zaidi ya maneno, mpaka akajua sekunde ambayo mtu wa kiti cha nyuma atacheka. Alipofika mbele ya kamera isiyorekodi sauti, alikuwa ameshafanya mazoezi ya miaka mingi bila kujua ni ya nini. Hapo bahati imo, na sioni aibu kuiandika.

Tatu, mama. Katika visa vya namna hii mama huwekwa safu ya matatizo, na huyu amewekwa hapo mara nyingi. Lakini ndiye aliyekaa dirishani saa nzima akiangalia wapita njia, kisha akawaigiza kwa mikono na macho: huyu katoka nyumbani amegombana na mkewe, tazama viatu, hakuvipiga rangi, na anaelekea duka la mikate. Charlie alisema baadaye kwamba pale ndipo alipojifunza kuangalia watu. Mafunzo hayo yalitolewa bure na mtu ambaye kwenye rejista ameandikwa fukara.

Upande wa yaliyoshindwa, kosa kubwa sikulitafuta mbali. Kwa wiki shilingi 10 za uhakika zingeiweka cherehani mezani. Badala yake umma ulilipia vitanda vitatu, shule ya bweni, meli ya mafunzo, na baadaye hospitali kwa miaka. Msaada ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuweza kutolewa mlangoni kwao. Ilibidi kwanza nyumba ivunjwe.

Kosa la pili limejificha ndani ya jibu la Mei 1903, "kwa shangazi". Nimekitumia kisa hiki darasani mara kadhaa, na karibu kila mara kuna mwanafunzi anayesema kijana alidanganya kwa ujana. La hasha. Alikuwa ameshakaa Hanwell miezi 19 na anajua daktari akisema "hana mlezi" gari linakwenda wapi. Alipima: njaa ya kujificha, au chakula cha kule. Akachagua njaa. Mtoto anapouogopa msaada kuliko kukosa chakula, anayepaswa kuhojiwa si mtoto. Na yule daktari, aliyeuliza swali sahihi, aliridhika na jibu bila kuuliza shangazi anakaa mtaa gani.

Mama mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Charlie alipokwenda kumwona Cane Hill, alimwambia kama angempa tu kikombe cha chai mchana ule, asingeugua. Kijana alibeba sentensi hiyo maisha yake yote. Kitabibu ni upuuzi, ila ukiilinganisha na maneno ya daktari kuhusu kukosa chakula, wawili hao hawakupishana sana.

Sasa ile Agosti 12, 1898. Watoto wako Norwood, mama yuko nyumba ya maskini. Mama aliomba kutoka rasmi na watoto wake, haki ambayo kila aliyeingia alikuwa nayo. Walirudishiwa nguo zao, zimekunjamana kwa kupikwa mvuke wa kuua wadudu, wakatoka asubuhi. Hawakuwa na pa kwenda. Kaka alikuwa na peni 9 alizozihifadhi. Wakanunua nusu ratili ya cheri nyeusi, wakazila kwenye benchi katika bustani ya Kennington. Kaka akakunja gazeti, akalifunga kwa uzi, wakarushiana kama mpira. Mchana wakaingia mgahawani wakagawana skonsi ya peni mbili, samaki mmoja wa moshi na vikombe viwili vya chai. Jioni mama akasema wanaweza kuwahi chakula cha kule. Wakarudi, wakabisha hodi.

Watumishi walikasirika sana. Ilibidi waandikishwe upya, nguo zipikwe tena mvuke, na watoto wakae Lambeth siku kadhaa kabla ya kurudishwa Norwood. Rejista ya siku hiyo inaonyesha mama na watoto wawili, wametoka, wameingia. Hakuna aliyeandika walikwenda wapi.